Kwa nini mjini tunanenepa huku tukiona hatuli sana

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nina miaka 38, ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata na nauza nguo Kariakoo. Miaka sita iliyopita nilikuwa na kilo 62, leo nina 81, na urefu wangu ni sentimita 160. Nashangaa kwa sababu sili sana. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa na maandazi mawili, mchana wali maharage wa mama lishe na soda, jioni nikirudi nimechoka napitia chipsi mayai, au kama kuna nguvu nasonga ugali. Bibi yangu kijijini alikula ugali mara mbili kwa siku maisha yake yote na alikuwa mwembamba mpaka anakufa. Wenzangu wa sokoni karibu wote tumekuwa hivi. Je, ni ulafi, ni uvivu, au kuna kitu kwenye chakula?

Jibu: Marahaba, dada. Si ulafi na si uvivu. Umeeleza siku yako vizuri kiasi kwamba tunaweza kuipigia hesabu, na hesabu hiyo itajibu nusu ya swali lako.

Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari ni kama kalori 120. Andazi moja la kawaida ni kama 195, kwa kuwa ngano yake imekandwa na sukari kisha ikazama kwenye mafuta; mawili ni karibu 400. Sahani ya wali ya mama lishe, ile iliyojaa hadi ukingoni, ni kama gramu 400 za wali uliopikwa kwa mafuta, yaani kalori 600, na maharage pamoja na mchuzi wake huongeza 250. Soda ya mililita 350 ni 150. Chipsi mayai ya jioni, viazi gramu 200 na mayai mawili, ni karibu 850. Jumla inakaribia 2,350. Mwanamke wa umri na urefu wako mwenye kilo 62, anayekaa sehemu kubwa ya siku nyuma ya meza ya biashara, hutumia kama 1,900. Tofauti ni 450.

Mwaka 2011 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Marekani walichapisha kanuni inayosaidia sana hapa: kwa mtu mzima wa kawaida, kila kalori 24 zinazozidi kila siku bila kukoma humpandisha kilo 1 hivi. Nusu ya ongezeko huja mwaka wa kwanza, na karibu lote huwa limekamilika baada ya miaka mitatu. Gawanya 450 kwa 24 upate karibu 19. Wewe umeongezeka kilo 19. Makadirio ya sahani hayawezi kuwa sahihi kiasi hicho na nisingependa uyachukue kama vipimo vya maabara, lakini yanatosha kuonyesha kwamba hakuna siri mwilini mwako. Na angalia 450 ni kitu gani: soda moja, andazi moja na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Hakuna mtu anayekula hivyo akajiona amevimbiwa, ndiyo maana unasema huli sana, na unasema kweli.

Wala hamko peke yenu hapo sokoni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii Tanzania ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliopindukia, mwaka 2010. Mwaka 2015-16 walikuwa asilimia 28. Kenya ilitoka asilimia 25 mwaka 2008-09 hadi 33 mwaka 2014. Duniani kote, watu wenye kiribatumbo walipita bilioni 1 mwaka 2022. Tabia za watu hazibadiliki pamoja namna hiyo, nchi baada ya nchi, kwa sababu ya ulafi wa mmoja mmoja. Kilichobadilika ni chakula kinachotuzunguka, bei yake na saa tunazokila.

Sasa tumrudie bibi yako, maana mfano wake unapotosha wengi. Ugali wake haukuwa ugali wako. Mara nyingi ulikuwa dona, mtama au muhogo, na ukizungukwa na mboga za majani kwa wingi: majani ya kunde, kisamvu, matembele, yameungwa kwa karanga zilizotwangwa au kwa nyanya tu. Mafuta yalinunuliwa kidogo na yakatunzwa. Soda ilikuwa ya Krismasi, Idi na arusi. Na miezi ya kabla ya mavuno ghala lilishuka, watu wakala mlo mmoja, mwili ukarudisha kile ulichokuwa umeweka. Wewe huna mwezi wa ghala tupu. Duka la Mangi lipo mlangoni hadi saa tano usiku.

Watu wengi husema tofauti kubwa ni jembe: bibi alilima, sisi tumekaa. Lina ukweli, lakini lina ukweli mdogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu wanazotumia Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, wanaowinda na kuchimba mizizi. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Ukishazingatia ukubwa wa miili yao, nguvu walizotumia kwa siku nzima hazikutofautiana na za watu wa Marekani na Ulaya wanaofanya kazi za kukaa. Mwili unapotumika sana hubana matumizi kwingine. Kutembea kunalinda moyo, kunashusha sukari ya damu na kunasaidia sana uzito uliopungua usirudi, kwa hiyo usiache. Ila usitegemee kwamba mazoezi ya nusu saa yatafuta chipsi mayai. Hayafuti.

Tuangalie mafuta, kwa sababu hapa ndipo jikoni mwetu pamebadilika zaidi na hapaonekani. Gramu 1 ya wanga au protini ina kalori 4. Gramu 1 ya mafuta ina 9. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, mililita 15, ni kalori 120, na hakina ujazo wowote tumboni. Mchicha fungu moja lililochemshwa haufiki kalori 60. Ukiunga kwa vijiko vinne, kama tunavyofanya tukimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, unakuwa mboga ya kalori zaidi ya 500, na watu bado wanauita mboga za majani. Zamani bei ndiyo iliyotuzuia. Siku hizi mafuta ya mawese yaliyosafishwa yanaingia kutoka Malaysia na Indonesia, na kila duka lina mafuta ya kupima. Hata mwenye pesa kidogo anapata kikombe cha kukaangia leo. Kwa shilingi ileile, mafuta, sukari na unga mweupe hukupa nguvu nyingi kuliko samaki, tunda au maharage. Mzazi anayetafuta watoto washibe kwa pesa aliyonayo hachagui vibaya kwa ujinga. Anachagua anachokimudu.

Simama siku moja mbele ya banda la chipsi uangalie kazi inavyokwenda. Viazi vinamenywa asubuhi, vinakaangwa nusu vikalainika, kisha vinawekwa kwenye kabati la kioo. Mteja akifika vinarudishwa kwenye karai mara ya pili. Halafu kiasi kinawekwa kwenye kikaangio kidogo, mafuta yanamiminwa chini kwanza yai lisigande, mayai yanavunjwa juu, kinageuzwa kwa sahani. Kiazi kimeshakutana na mafuta mara tatu. Gramu 200 za kiazi cha kuchemsha ni kalori 170 hivi. Gramu hizohizo za chipsi zinapita 550. Mafuta yasipopata moto wa kutosha, yaani chipsi zikiingia bila karai kuchangamka kwa povu, kiazi hunyonya zaidi, na hilo hutokea pale mkaa unapofifia na mteja ana haraka. Mafuta yaliyogeuka kahawia na kutoa harufu kali yameshachoka na hayafai.

Kitu cha pili ni sukari ya kunywa. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Lebo ya chupa itakuambia. Chupa ya mililita 500 inabeba gramu 50 na zaidi, sawa na vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, na bora 25. Chupa hiyo moja imemaliza ruhusa ya siku. Ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba tumbo haliihesabu vizuri: ukila ndizi mbili kabla ya wali, utaacha wali kidogo, ukinywa soda, wali unamalizika vilevile. Juisi ya kwenye glasi ina tabia hiyohiyo hata kama ni ya matunda halisi. Glasi moja ya juisi ya machungwa imekamua machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, kisha tumeongeza sukari. Chungwa lenyewe moja lingekutosha.

Halafu kuna vyakula vya kiwandani vilivyotengenezwa hadi chakula cha asili hakionekani tena: biskuti, soseji, tambi za dakika mbili, juisi za boksi zisizo na tunda la maana. Mwaka 2019 Hall huyohuyo alichapisha jaribio la watu wazima 20 waliokaa ndani ya kituo cha utafiti mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula hivyo, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa. Milo iliyowekwa mezani ilisawazishwa kwa nguvu, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale kadiri apendavyo. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula kalori 500 zaidi kwa siku bila kukusudia na wakaongezeka kilo 0.9, kwenye vyakula vya kupikwa walipungua kiasi kilekile. Walikuwa watu walewale. Naona hilo ndilo jibu bora kwa anayewalaumu watu kwa kukosa nidhamu. Ulaini wa chakula hukufanya ule haraka, na shibe huchukua muda kufika kichwani.

Sembe nayo ina sehemu yake, ingawa ndogo kuliko inavyotangazwa. Kukoboa kunaondoa pumba na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na mafuta mazuri ya mahindi. Kalori za sembe na dona kwa gramu 100 za unga hazitofautiani sana, zote ni kama 350 hadi 360. Tofauti ni shibe na sukari ya damu: dona hukaa zaidi. Lakini anayehamia dona na kuendelea na bonge lilelile la gramu 250 za unga hatapungua, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakadhani wameambiwa uongo.

Kuna jambo hukuliuliza ila limo ndani ya barua yako: "nikirudi nimechoka". Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri awahi daladala, akala mchana saa saba, akafika nyumbani saa mbili usiku, amekaa saa saba bila kitu cha maana tumboni. Njaa ya saa saba haichagui mchicha. Ongeza usingizi wa saa tano, ambao hupandisha grelini, homoni ya njaa, na kushusha leptini, ile inayoleta shibe, na siku inayofuata hamu ya vitu vitamu na vya mafuta inakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo mlo mkubwa wa siku unaangukia saa tatu usiku na mtu analala nao. Chipsi mayai yako ya jioni imeamuliwa tangu saa kumi jioni, pale ulipokosa kitu cha kula.

Na kuna macho ya watu. Kwetu kunenepa kumekuwa dalili ya ndoa njema na biashara inayolipa. Mtu akirudi amenenepa anaambiwa amenawiri, ametunzwa. Miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulipowakondesha watu kabla ya kuwaua, na Uganda ukaitwa kabisa kwa jina la wembamba, kukonda kukawa tuhuma. Hadi leo anayepungua kilo tano anaulizwa kama anaumwa. Wasichana wengine humeza vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri, na baadhi ya hivyo ni dawa za steroidi zinazopandisha presha na sukari. Ukianza kupungua, maswali hayo yatakufikia nawe, kwa hiyo jiandae nayo kama unavyojiandaa na mvua ya masika.

Urithi upo pia: familia nyingine huhifadhi mafuta kwa wepesi, na watoto waliokosa chakula tumboni mwa mama mwanzoni mwa ujauzito, kama ilivyoonekana Uholanzi baada ya njaa ya majira ya baridi ya 1944-45, walikuja kuwa na kiribatumbo zaidi ukubwani. Dawa kadhaa huongeza uzito, zikiwemo insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, steroidi, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Kama unatumia sindano hiyo na uzito ulianza kupanda mara baada ya kuianza, mwambie muuguzi wa kliniki akubadilishie njia. Usiiache tu ukabaki bila kinga.

Uzito ukishapanda, mwili huulinda. Unapopungua, leptini hushuka, njaa hupanda na mwili hutumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuata watu waliopunguza uzito kwa wiki 10 za chakula kidogo sana. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilikokuwa. Ndiyo maana "diet ya siku saba" hushindwa karibu kila mara. Kilo mbili tatu za wiki ya kwanza ni maji yaliyotoka pamoja na akiba ya wanga kwenye misuli na ini. Chai za kupunguza tumbo nyingi ni za kuharisha. Zinatoa maji na chumvi za mwili, mafuta hayaguswi.

Kwa hiyo usipigane na njaa. Badilisha kinachoifikia, kwa mpangilio huu.

Anza na mafuta, kwa sababu hayatakuuma. Nunua chupa ya lita 1 badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, na siku unayoifungua andika tarehe kwa kalamu ya wino juu ya lebo. Kwa familia ya watu wanne, kijiko kikubwa kimoja kwa mtu kwa siku ni mililita 60, na chupa itakaa siku 16. Ikiisha siku ya nane, mnakula vijiko viwili kila mmoja, na hiyo ni bila kuhesabu mnachonunua nje. Usilenge siku 16 mara moja. Fikisha 12 kwanza. Jikoni, pima kwa kijiko: viwili kwa sufuria nzima ya mboga ya watu wanne vinatosha kabisa ukitumia sufuria nzito na moto wa wastani. Kitunguu kikianza kushika chini, nyunyiza maji vijiko viwili badala ya kuongeza mafuta, kisha tia nyanya. Ukipika kwa nazi, usitie mafuta tena. Tui jepesi lichemshie mchicha au maharage, na kasimele, lile tui zito la kwanza, weka vijiko vichache tu mwishoni kwa ajili ya ladha. Chapati za kusukuma zina mafuta ndani ya tabaka na mengine juu ya kikaango. Moja inaweza kufika kalori 300. Zifanye za Jumapili.

Soda iache mchana, weka maji. Hilo pekee ni kalori 150. Sukari ya chai usiikate ghafla, ulimi utagoma: punguza nusu kijiko kila wiki, na kutoka vijiko vitatu utafika kimoja kwa wiki nne. Andazi moja libadilishe kwa yai la kuchemsha, ambalo lina kalori 75 hivi na litakushikilia hadi saa sita.

Kwa mama lishe huhitaji kubadilisha mama lishe. Mwambie kabla hajapakua, si baada: "Niwekee wali nusu, maharage mengi, mboga mara mbili." Wengi watakubali kwa bei ileile. Sahani iangalie kwa macho: nusu iwe mboga na kachumbari, robo wali au ugali, robo maharage, dagaa, samaki au nyama. Ugali wa nyumbani, bonge lako lisizidi sana ngumi yako, kama gramu 100 za unga.

Saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga biashara, kula ndizi moja na karanga za kiganja kimoja, au chungwa na yai. Hili usiliruke. Kati ya yote niliyokuandikia, ndilo litakalokupitisha mbele ya banda la chipsi ukiwa na akili yako. Halafu pika maharage kilo 1 siku ya mapumziko, yagawe kwenye vibakuli vya siku mbili mbili, weka kwenye friji ya barafu. Ukifika nyumbani saa mbili usiku na maharage yako tayari, ugali na mchicha ni kazi ya dakika 25. Chipsi mayai ibaki mara moja kwa wiki, na uifurahie.

Soda na kijiko kimoja cha mafuta vikiondoka, na andazi moja likibadilishwa kwa yai, umepunguza karibu kalori 390. Kwa kanuni ileile ya 24, tegemea kilo 6 hadi 8 mwaka wa kwanza ukishika siku nyingi na kukosea chache. Inaonekana pole pole. Lakini jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba watu waliokuwa karibu na kisukari, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwako asilimia 7 ni kilo 5.7. Dakika 150 ni nusu saa siku tano: shuka kituo kimoja kabla ya chako.

Ukikaa wiki tatu bila kupungua, usikate chakula zaidi kwanza. Angalia tarehe kwenye chupa ya mafuta, kisha hesabu vitu ulivyoonja bila kuvihesabu: mabaki ya watoto, bagia za jirani, chai ya pili ya sukari. Karibu kila mara jibu lipo hapo. Na usiruke asubuhi na mchana ili "kufidia", maana usiku utalipa mara mbili.

Mwisho, vipimo. Uwiano wako wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo ugawanye kwa urefu wa mita mara urefu huohuo), kilo 81 kwa mita 1.60, ni 31.6, na kiribatumbo huanza 30. Kiuno kina maana zaidi, kwa kuwa mafuta ya tumboni ndiyo yanayosumbua ini, sukari na moyo. Chukua tepu ya fundi cherehani, simama wima, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, soma. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari inapanda, na 88 ni kubwa; kwako lengo zuri ni chini ya 80, nusu ya urefu wako. Mwezi huu nenda kituo cha afya wakupime presha na sukari kabla hujala asubuhi. Presha ya 140/90 na kuendelea, ikirudiwa siku tofauti, inahitaji matibabu. Sukari ya kufunga ya milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita ni onyo, 7.0 na kuendelea ikithibitishwa ni kisukari. Kama una kiu isiyoisha na mkojo wa mara kwa mara, hedhi iliyovurugika, uchovu pamoja na kuhisi baridi sana, au unakoroma hadi pumzi inakatika, yataje yote, kwa sababu kila moja lina kipimo chake.

Mizani panda mara moja kwa wiki, siku moja, asubuhi, baada ya msalani na kabla ya chai. Kiuno pima kila baada ya wiki mbili na uandike kwenye daftari lako la mauzo, ukurasa wa nyuma. Ukifika wiki ya nane niandikie namba za kiuno, uzito, presha na sukari, pamoja na siku ambazo chupa ya mafuta imekaa, nikuambie kipi kibadilishwe.